Mama Alivyompoza Meneja

Kama umewahi kusimama karibu na gari lililochemsha, unaijua harufu yake. Ni tamu, lakini tamu ya kuudhi, kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria yenye kutu. Juzi niliisikia tena kwenye kituo cha mafuta. Kijana mmoja alikuwa amefungua boneti, mvuke unamfunika uso, naye ameshika kitambaa anataka kufungua kifuniko cha rejeta. Nilimwambia asiguse, aache kwanza lipoe. Alinitazama nguo zangu, akatazama mkoba wangu, nadhani alishangaa nayajulia wapi mambo hayo. Nayajulia uani kwetu Ifakara, nilipokuwa darasa la nne, mwaka ule Mama alipoamua kulitengeneza mwenyewe gari la Babu.

Babu, baba yake Mama, alikuwa dereva wa meneja wa shamba moja la miwa kule upande wa Kidatu. Meneja yule alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, alimwachia Babu gari alilokuwa akiendeshwa, kwa makubaliano yao wenyewe. Lilikuwa gari refu la kijani iliyoiva, viti vya ngozi, mbao iliyong'arishwa mbele ya dereva, na vioo vilivyopanda na kushuka kwa kubonyeza. Babu alilipeleka kijijini kwake Mbingu, na kuanzia siku hiyo gari likaitwa Meneja. Meneja ndiye aliyebeba maharusi wa kijiji. Meneja ndiye aliyempeleka padri mpya parokiani. Watu walipenda kusema Babu ndiye mtu pekee anayekwenda Mbingu kwenye kiti cha ngozi na kesho yake akarudi.

Nilipozaliwa mimi, Meneja alikuwa mzee tayari. Nilipofika umri wa kumfahamu vizuri, alikuwa hafiki kanisani bila kuchemsha. Babu naye macho yalikuwa yamepungua nguvu, hivyo gari lilikaa bandani karibu na mashine ya kukoboa mpunga ya Mjomba Gaspari, likipigwa vumbi, na kuku wakapata pa kutagia.

Babu alipofariki na siku za msiba zikaisha, ukoo ulikaa kugawana mali. Mashamba yalizungumzwa kwanza, moja baada ya jingine, na kila lililotajwa lilikuwa na mwanamume wake; la Idete tu lilibakizwa kwa kikao kijacho. Mama alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza nani anataka chai, "Mimi naomba gari."

Walicheka, tena kwa upendo. Mjomba Gaspari, kaka yake mkubwa, ndiye aliyekuwa anaongoza kikao. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine. Alisema, "Adelina mdogo wangu, lile si gari tena. Ni chuma kimekaa."

"Nakiomba hicho chuma, kaka."

Mjomba alijipangusa jasho, akafikiri. Alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa chuma chakavu. Mwishoni akatoa uamuzi mbele ya wote: Mama achukue gari. Siku ya misa ya kumbukumbu ya Babu, ukoo utakapokutana tena, akija nalo likitembea lenyewe, ni lake na hakuna atakayeuliza. Likija limevutwa, au lisipokuja kabisa, mwenye chuma atalibeba.

"Nimekubali," alisema Mama, akaendelea kugawa vikombe.

Meneja aliingia Ifakara akivutwa na trekta. Mama alikaa kwenye usukani wima, mikono miwili, shingo imenyooka, kana kwamba trekta ndilo linalosukumwa na sisi. Mimi nilikaa kando yake nikiwapungia watu. Babu alimfundisha Mama kuendesha tangu akiwa msichana, kwenye njia za mashamba ya miwa, na leseni alikuwa nayo. Gari ndilo hakuwa nalo.

Mama alikuwa na hoteli ndogo karibu na stendi: wali, maharage, samaki wa mtoni, chapati asubuhi. Alimwita Fundi Shabani, mteja wake wa chai, aliyekuwa na gereji nyuma ya stendi. Fundi hakuwa mbabaishaji. Alimwaga maji machafu, akaisafisha rejeta ndani mpaka maji yakatoka meupe. Akabadilisha mpira uliopasuka. Akatoa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, akisema kwenye joto letu haina kazi. Mama akawasha, tukatoka. Kabla hatujamaliza nyumba za mwisho za mji, mshale wa joto ulipanda kama mtoto anayekwea mpera, na ile harufu tamu ikaingia hadi ndani.

Fundi alikuja na pikipiki kututazama. Alizunguka gari, akasikiliza, akaguna. "Mama Yusta, mimi nitakwambia ukweli. Injini imechoka. Tutafute injini nyingine, hata ya gari dogo la mizigo, tuipachike. Litatembea."

"Litatembea, lakini litakuwa Meneja?"

"Litakuwa gari, mama."

Mama alimshukuru, akamwomba amwazime spana kwa siku chache. Fundi alimpa boksi zima bila kuuliza, akiamini, nadhani, kwamba angezirudisha baada ya kuvunja kucha moja.

Baba alikuwa akifanya kazi Kidatu na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Alimwambia kwenye simu, "Mama Yusta, gari halipikwi." Mama akamjibu, "Ndilo linalochemka." Nilisikia Baba akicheka hadi simu ikakatika.

Asubuhi iliyofuata, biashara ya chapati ilipopoa, Mama alijifunga kanga kiunoni akafungua boneti. Nilikuwa likizo, nikapewa kazi ya kushika kila nati itakayotoka na kuiweka kwenye sahani ya bati kwa mpangilio wake. Mama hakuanza kwa kufungua chochote. Alisimama tu akitazama, mkono kidevuni, vile anavyotazama jiko linapomletea ukorofi.

"Yusta, sufuria ikichemka ikamwagika, sababu ni nini?"

"Moto mkubwa."

"Na nyingine?"

"Maji machache."

"Na nyingine?"

Akajibu mwenyewe, "Umeifunika. Joto halina pa kutokea."

Basi alianza kuondoa moja baada ya nyingine. Maji yalikuwepo, tena yamejaa, na hayakuvuja popote; tulilaza kipande cha boksi chini ya gari usiku kucha na asubuhi kilikuwa kikavu. Alivuta kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kidole, akanionyesha: oili ilikuwa nyeusi ya kawaida. Fundi alikuwa amemwambia zamani, wakati wa kunywa chai, kwamba oili ikigeuka rangi ya maziwa ya chai ujue maji yameingia injini na mambo ni mazito. Haikuwa hivyo; basi injini, ndiyo moto wenyewe, ilikuwa nzima. Maji na moto vilikuwa sawa. Lilibaki la tatu.

"Joto la hili gari linatokea wapi?" aliuliza, akijiuliza mwenyewe. Aliweka kiganja mbele ya wavu wa pua ya gari. "Linatokea hapa. Feni inavuta upepo, upepo unapita kwenye rejeta, unachukua joto. Nenda kachane karatasi."

Nilichana ukurasa wa katikati wa daftari langu la hesabu. Mama aliwasha injini, feni ikaanza kunguruma. Aliniambia niiweke karatasi mbele ya wavu na kuiachia. Alitegemea upepo wa feni uivute na kuibandika pale. Niliiachia. Karatasi ikaanguka miguuni mwangu.

Nilirudia. Ikaanguka tena, taratibu, kama haina haraka na mtu.

Mama alizima gari. Sitasahau uso wake. Hakutabasamu, lakini macho yalichangamka kama ya mtu aliyesikia jina lake likitajwa mbali. "Feni inazunguka, upepo haupiti," alisema. "Kuna kitu kimekaa katikati."

Sasa, magari ya kawaida siku zile yalikuwa na rejeta moja, basi. Gari la bosi lilikuwa na kiyoyozi, na kiyoyozi nacho kina rejeta yake nyembamba, iliyosimama mbele ya ile kubwa. Ukitazama kwa mbele unaona safi. Ukitazama kwa nyuma unaona safi. Nafasi iliyo kati yao ni nyembamba kuliko mkono wa mtu mzima. Tulisubiri injini ipoe kabisa. Mama alifungua nati za juu, akasogeza ile rejeta ya mbele kidogo tu, kiasi cha mipira yake kuruhusu, kisha akanitazama mkono.

"Ingiza. Polepole. Ukigusa kitu kikali, toa."

Niliingiza mkono hadi kiwikoni. Mle ndani kulikuwa na kitu laini, kikavu juu, chenye mafuta chini. Nilishika nikavuta, kikatoka kipande kama mkeka uliochakaa. Mama alikipokea, akakivunja kwa vidole, akakinusa.

"Pumba," alisema.

Zilikuwa pumba za mpunga. Zilikuwa zimeingia kidogo kidogo, zikashikwa na vumbi na mafuta na miguu ya wadudu, mwaka juu ya mwaka, mpaka zikawa godoro zima lililojaza ile nafasi kutoka juu mpaka chini. Meneja alikuwa amefunikwa blanketi kwenye jua la Kilombero, halafu watu wanamshangaa anatoka jasho. Nilivuta, nikavuta. Kuku wa jirani walikuja kusaidia. Mikono yangu iliwasha hadi jioni na sikujali, kwa maana ndani ya nyumba ile hakukuwa na mkono mwingine ulioweza kupita pale.

Kuisafisha ilituchukua muda mrefu kuliko kuigundua. Mama hakutaka maji ya nguvu ya wale vijana wanaoosha magari, aliogopa yatalaza yale mabati membamba. Alichanganya maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, akayamimina kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi njia uliyoingilia. Tulisugua kwa mswaki wa zamani. Mabati yaliyolala tuliyanyanyua kwa jino la uma wa hotelini, moja moja, mpaka wateja wa mchana wakaanza kula kwa vijiko.

Kisha Mama akaenda kwa Fundi Shabani kuomba kile alichokitoa.

"Thamostati? Ya nini tena?"

"Waliotengeneza gari waliiweka. Nataka nione inafanya nini."

Fundi aliitafuta kwenye kopo la vyuma, akaja nayo mwenyewe kwa sababu alitaka naye kuona. Ni kitu kidogo cha shaba, chenye springi, kama kofia ya mdoli. Mama aliifunga kwa uzi na kuining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya mkaa. Tulisimama watatu tukiinamia sufuria kama tunaosubiri uji. Maji yalipoanza kuchemka, kile kidude kikafungua mdomo taratibu. Mama akakitoa, kikafunga. Akakirudisha, kikafungua.

"Nzima," alisema Fundi kwa upole. Akavua koti lake la kazi. "Lete hapa, hiyo gasketi yake nitaikata mimi, mkasi wako utaiharibu." Wakaifunga pamoja siku ile ile. Alimwelekeza Mama namna ya kujaza maji yaliyochanganywa na kulanti, ile dawa ya rejeta, huku hita imefunguliwa na injini ikizunguka, akiminya mpira wa juu ili hewa itoke mapovu. Mama aliminya, akasikiliza, akaminya tena. Nilirudisha karatasi yangu mbele ya wavu. Safari hii ilinyakuliwa mkononi mwangu, ikabandikwa pale ikitetemeka. Fundi alicheka. Mama akaenda kugeuza maharage.

Tulijaribu hadi Idete na kurudi. Mshale ulipanda hadi katikati, ukakaa. Mama aliimba njia nzima, na huwa haimbi vizuri.

Siku ya misa tulivaa nguo zetu mpya za kitenge. Mama alikuwa amempaka Meneja nta hadi miti ya barabarani ikaonekana mlangoni kwake. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameiva pande zote mbili, na upande wa kulia milima ya Udzungwa ilikuwa karibu kiasi cha kuhesabu mikunjo yake. Tulikwenda vizuri mpaka tukakuta trekta mbele yetu, tela lake limejaa magunia, linakwenda mwendo wa mgonjwa kwenye kipande cha barabara chenye tope kila upande. Kulipita kulikuwa hakuna. Jua lilikuwa kali, upepo hakuna, na trekta lilikuwa linatupulizia moshi wake usoni.

Nilikuwa nimepewa kazi ya kuangalia mshale. Uliondoka katikati.

"Mama, umesogea."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Mama, umesogea tena."

Mama hakuongeza mwendo wala kusimama. Alishusha vioo vyote, akanyoosha mkono kwenye swichi, akafungulia hita hadi mwisho. Hewa ya moto ilitupiga miguuni na usoni kama mlango wa tanuri. Nilidhani amechanganyikiwa. "Joto lilipo tulitoe," alisema, "hata kama ni kwa kupitia kwetu." Jasho lilimtiririka kutoka kwenye kilemba hadi kidevuni, kitenge changu kilinigandama mgongoni, poda aliyonipaka shingoni ikawa uji. Nikakodolea ule mshale macho yanayowasha. Ulisimama. Ukafikiri. Ukaanza kurudi.

"Unashuka, Mama."

"Najua," alisema. Hakuwa ameuangalia hata mara moja.

Tuliingia Mbingu tumelowa kama waliovuka mto kwa miguu, lakini tuliingia. Watu walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa Babu wakisubiri kengele ya misa. Pembeni, chini ya kivuli cha banda la mashine, kulikuwa na pikapu na mwanamume mwenye mizani. Mama aliliegesha gari mbele ya Mjomba Gaspari, akaliacha likinguruma, akashuka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Mjomba alikuwa anatazama gari. Nami nilimwamkia, akanishika kichwa bila kunitazama. Alikwenda akafungua boneti. Alisogeza sikio. Aliweka mgongo wa mkono karibu na rejeta, akauacha pale muda mrefu.

"Nani amekutengenezea?"

"Mimi na Yusta. Fundi Shabani alitusaidia kufunga."

"Lilikuwa na nini?"

Mama alichelewa kujibu. Mimi nikajibu, kwa sababu ule ulikuwa ushindi wangu pia. "Pumba, mjomba. Zilijaa katikati ya rejeta. Nilizitoa mimi."

Mjomba alinyanyua kichwa. Alitazama banda lake la mashine, pale Meneja alipokaa miaka yote ile, pua yake imeelekea kwenye bomba linalotupa pumba nje. Alilitazama bomba lile, akalitazama gari. Injini ikaendelea kunguruma taratibu.

"Baba aliniambia nilisogeze," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Kila mavuno aliniambia."

Nilimtazama Mama. Nilitegemea aseme kitu kikubwa, mbele ya ukoo mzima, na nilikuwa tayari kumsaidia. Mama alifunga boneti, akapangusa alama za vidole kwa ncha ya kanga. "Padri hatatusubiri, kaka," alisema. "Ingia mbele."

Mjomba alimwambia mwenye mizani aende. Kisha akaingia, akashika mkanda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaendeshwa na mdogo wake kwenda kanisani. Alipokaa aliuliza kwa nini kuna joto namna ile ndani. Tulikuwa tumesahau kufunga hita.

Baada ya misa na chakula, ukoo ulikaa. Wanaume walikaa kwenye viti kwa duara, wanawake kwenye mikeka upande wa jiko, nami nililala kwenye paja la Mama, nimeshiba. Kikao kilikuwa hata hakijafunguliwa vizuri. Mjomba Gaspari alisimama, akaingia ndani, akatoka na kiti. Akakiweka ndani ya lile duara, karibu na chake, akasema, "Adelina, njoo huku. Tunaanza na shamba la Idete. Nataka kusikia wewe unasemaje."

Mama aliniinua kichwa, akaniwekea kanga chini, akaenda.

Kwa miaka mingi niliikumbuka siku ile kama siku ya gari. Niliwasimulia wenzangu habari za karatasi, za uma, za hita. Nilikuwa nimeshaolewa, na nimeshaona vikao vya kutosha ambamo wanawake hupita na vikombe, ndipo nikaelewa kwamba Mama asingeruhusiwa kuomba shamba, na ndiyo maana aliomba kitu ambacho hakuna mwanamume aliyekitaka. Siku ile pale mkekani nilikuwa mtoto. Nilimwona anakaa kwenye kile kiti, anaweka mikono yake yenye harufu ya oili juu ya magoti, na anaanza kuongea huku wote wakimsikiliza. Nikafikiri Mjomba ni mtu mwema sana, amemletea Mama kiti kwa sababu amechoka kuendesha.